Injini Iliyokosa Mwenyewe

Sogeeni. Hadithi hii naijua hadi pale ilipokwama tu. Kuimaliza ni kazi yenu, na asije mtu baadaye akaniambia hakusikia vizuri.

Karibu na Korogwe, kwenye shamba la mkonge ambalo uwanja wake wa ndege umeota majani, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kidawa, mshonaji nguo, alikuwa na sikio: angeweza kukaa chumba cha pili akakwambia uzi wa cherehani unataka kukatika, nao ukakatika. Hoza alipanga madaraja ya katani kiwandani, na alikuwa na jicho: singa moja yenye doa haikumpita. Mdoe alitengeneza saa, na vidole vyake vilikuwa na subira ambayo mkewe alisema hajawahi kuiona nyumbani.

Na alikuwapo Mzee Mbelwa, mjomba wake Kidawa, aliyekuwa makanika wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani. Alipostaafu alijiundia ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Mabawa aliyachonga kwa milingoti mikavu ya mkonge, ile inayobeba maua, na Kidawa, wakati huo bado msichana, ndiye aliyeyashikilia gundi ikikauka. Mbele alifunga injini ya ukubwa wa ngumi, zawadi ya rubani mmoja mgeni siku ya kuagana. Haikunywa petroli. Ilikunywa spiriti kali iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na nitro kidogo ya kuipa nguvu, na injini ya pili yake haikupatikana Tanga nzima.

Chini iliwaka vizuri. Ndege ikiinua pua ipande, inazima na kuanguka. Miaka miwili mzee alibadilisha plagi hadi akachoka, na mikono ikaanza kumtetemeka. Ndipo akawaambia wale watatu, mbele ya mkewe Bi Mkasi, "Atakayeifanya ikae angani mpaka Bi Mkasi amalize kikombe cha kahawa, ndege ni yake. Fanyeni haraka, ningali naweza kushika rimoti."

Kidawa aliitaka ndege ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote cha mtu.

Jumamosi wakakusanyika uwanjani. Kidawa hakugusa kitu. Aliomba injini iwashwe na pua iinuliwe, akafumba macho. Mlio ukapanda, ukawa mwembamba, ukakatika.

"Plagi haina kosa, Mjomba," akasema. "Mafuta yangezidi, ingegugumia kwa sauti nzito. Hii imepiga kelele kwanza. Ina kiu."

Bila sikio lile wangekuwa wananunua plagi hadi leo.

"Kiu gani, na tangi limejaa?" Hoza akauliza, akapiga magoti. Katika mpira wa mafuta aliona vipovu vya hewa vinapita, vidogo kuliko ufuta. Alifungua tangi, akatoa kipande cha mpira kinachofyonza mafuta ndani, akakipinda kukielekeza kwenye jua. Kulikuwa na ufa unaofunguka pale tu mpira unapopinda. "Mwizi wenu huyu hapa. Ndege ikiinua pua, yeye anavuta hewa." Wakaweka mpira mpya. Bila jicho lile wangemtafuta mwizi nyumba nzima naye yumo chunguni.

Lakini injini sasa ikatoa moshi mzito na kukohoa. Kumbe miaka yote miwili mzee alikuwa akiifungulia mafuta zaidi na zaidi ili kufidia hewa, na sasa inazama katika mafuta. Mdoe akashika kisindano kinachopima mafuta, akakifunga hatua moja, akasubiri. Hatua nyingine, akasubiri. Bi Mkasi alisinzia. Injini ilipofikia kilele cha nguvu zake, Mdoe akakirudisha nyuma hatua mbili. "Tuiachie akiba ya kupandia," akasema. Wakainua pua, na mlio haukukatika. Bila vidole vile wengine wawili wangebaki na ugonjwa waliokwisha kuujua.

Ndege ikaruka. Bi Mkasi akapewa kikombe, na hakuwa na huruma: alipuliza kila funda, akatafuna na tende katikati. Mzee Mbelwa alishika rimoti huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Kikombe kilipoinamishwa tupu, ndege ilikuwa bado juu.

Furaha ile ilidumu mpaka ilipotua.

"Basi naichukua," akasema Mdoe.

"Unachukua nini? Ufa uliuona wewe?" Hoza akadakia.

"Na nani aliyewaambia ina kiu?" akauliza Kidawa, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia.

Mzee akainua mkono. "Nilisema atakayeifanya. Sikufikiria watakaoifanya. Nipeni siku saba." Ndege ikawekwa barazani kwake.

Sasa sikilizeni. Injini ya namna ile ina haki yake. Ikitoka kuruka, tangi hukaushwa, na siku ileile injini hudondoshewa mafuta laini, kisha panga lake la mbele huzungushwa kwa mkono. Usipofanya hivyo, spiriti iliyobaki huvuta unyevu, na kutu huingia. Wote waliijua kazi hiyo, na wote walijua kuwa ni kazi ya mwenye ndege.

Mdoe aliwaza, nikiitia mafuta watasema nimejimilikisha. Hoza aliwaza, kama si yangu, kwa nini niitumikie? Mzee mwenyewe aliona ameshaitoa, na aliyetoa harudishi mkono. Kidawa alikwenda kumsalimu mjomba wake kila siku, na mkobani mwake mlikuwa na kichupa cha mafuta ya cherehani. Matone matatu yangetosha. Alipita barazani mara saba, akaitazama ndege mara saba, na mara saba alisema moyoni, kwanza nitajwe. Ilikuwa masika, na kuta zenyewe zilitoa maji.

Siku ya hukumu mzee alishika panga kulizungusha. Halikwenda. Mdoe akajaribu kwa vidole vyake vyote vya subira, na ndani kitu kikavunjika. Walipoifungua, gololi zilikuwa nyekundu kwa kutu na mkono wa pistoni umekatika.

"Nilikuwa nimekuja kuamua," akasema Mzee Mbelwa. Akanyoosha mkono, injini iko kiganjani. "Haya. Ni ya nani?"

Jumamosi iliyopita ilikuwa na wenyewe watatu. Leo Hoza alitazama viatu vyake. Mdoe alifuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Kidawa alijuta, kichupa kingali mkobani. Alitaka kusema "Yangu, Mjomba", lakini akisema hivyo atakuwa amekiri kuwa matone yale yalikuwa deni lake peke yake. Akinyamaza, atakuwa ameikana ndege aliyoishikilia mabawa.

Haya, wasikilizaji. Ndege ilipotua ilikuwa ya nani: ya sikio, ya jicho au ya vidole? Na huyo mtakayempa, mtambebesha na kutu yake, au kutu ni ya wote wanne? Mzee angali amenyoosha mkono, na Kidawa hajajibu. Wewe, ungemwambia apokee?