Nyuzi Tatu Mguuni mwa Kwarara

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu waliokula uji wa jana? Sogezeni kuni, moto unasinzia, na hadithi yangu haipendi baridi. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, kabla mbuzi hajaota ndevu na kabla babu wa babu yangu hajajifunza kutia chumvi, palikuwa na bonde refu, refu, refu, lenye genge huku na genge kule. Jiwe ukilidondosha leo, linafika chini kesho kutwa. Genge la huku lilikuwa na soko, genge la kule lilikuwa na maji. Sasa wasio na mabawa, akina chura na panya na mjusi, walivukaje? Walivushwa na ndege. Kapu lilifungwa mgongoni kwa mikanda ya magome, abiria akaingia, ndege akapaa. Ndege mwenye kazi hiyo aliitwa rubani, na rubani akipita njiani, hata jogoo alimpisha. Anayebisha akamuulize bibi yangu. Bibi yangu alishafariki, lakini nendeni tu mkamuulize.

Upande wa soko aliishi Kwarara, binti mwenye mabawa mapana na kichwa chepesi. Tangu yumo ndani ya yai alitaka kuwa rubani. Wenzake walicheza kombolela, yeye alibeba mawe mgongoni akivuka mtaro. Mama yake akimtuma kuni, anarudi na habari za mawingu.

Mitihani ya urubani ilisimamiwa na Mwalimu Heroe, mwenye miguu kama mianzi na shingo iliyopindika kama swali. Na desturi ilikuwa hii: aliyefeli hafukuzwi wala hachapwi. Anafungwa uzi mwekundu mguuni, na uzi haufunguliwi. Unafeli leo, unaolewa nao, unapata wajukuu nao, unazikwa nao.

Siku ya mtihani wa kwanza Kwarara alipaa kwa mbwembwe, hakutazama majani yanalala upande gani. Upepo wa ubavuni ukamchukua kama kishada, ukamtia kwenye miiba. Mwalimu Heroe akamngoja atoke, miiba yote imo mkiani.

"Umesahau nini?"

"Upepo, Mwalimu."

"Leta mguu."

Uzi wa kwanza.

Mtihani wa pili alitazama upepo, akautazama mpaka akasahau kwamba ana miguu. Akatua kwa mdomo. Wapo wanaosema ndiyo maana mdomo wake umepinda mpaka leo. Mimi sisemi, sikuwapo.

"Umesahau nini?"

"Miguu, Mwalimu."

"Leta mguu, maana bado unao."

Uzi wa pili.

Mtihani wa tatu, jamani, Kwarara aliruka kuruka kweli. Upepo aliutazama, miguu akaishusha, akatua ng'ambo laini kama pamba inavyotua juu ya maziwa. Ndege wote wakapiga mabawa kushangilia. Akainama ili abiria ashuke. Hakushuka mtu. Kule genge la soko, Chura alikuwa amesimama na mkoba wake, bado anaagana na shangazi, anatazama kapu lake likiwa ng'ambo ya bonde bila yeye.

"Umesahau nini?"

"Abiria, Mwalimu."

Safari hii Mwalimu hakusema leta mguu. Kwarara aliuleta mwenyewe.

Uzi wa tatu.

Mtu mwingine angeacha. Kwarara alikwenda kukaa peke yake kwenye mtaro, akajisemea: kichwa hiki hakishiki, basi mdomo ukisaidie. Siku ya mtihani wa nne akapanda genge na kuanza kupiga kelele, kelele za mwenye kuibiwa. "Upepo!" Akautazama. "Miguu!" Akaitikisa. "Abiria!" Akageuza shingo, akamhesabu. Akavuka akipayuka, akatua akipayuka, akarudi akipayuka. Mwalimu Heroe alificha kichwa chini ya bawa kwa makelele yale, lakini alipokitoa, alikuwa na unyoya mweupe wa urubani. Akamchomekea Kwarara shingoni.

Mnadhani hadithi imekwisha? Kaeni chini. Ndiyo kwanza inapaa.

Unyoya ule ulikuwa na sharti. Ilibidi mwenye makapu aufunge fundo la ukindu, ishara kwamba amekuajiri, kabla ya masika. Tone la kwanza la mvua likiukuta hauna fundo, unyoya umekufa. Hakuna mtihani wa tano. Utachimbua minyoo topeni mpaka uzeeke.

Kwarara akaenda kwa Bwana Kozi, mwenye makapu makubwa. Bwana Kozi hakuutazama unyoya, aliutazama mguu. Akamwambia ana marubani kumi wenye miguu mitupu, ya nini amchukue mwenye mapambo. Akaenda kwa Njiwa. Njiwa alimkaribisha vizuri, akamuulizia mama, akamuulizia watoto wa dada, kisha akauona mguu na kukumbuka kwamba nafasi zimejaa tangu juzi. Akaenda kwa Bata. Hata Bata! Bata ambaye akiruka ua anatangaza wiki nzima, naye aliutazama mguu, akacheka.

Akabaki Bi Mbuni peke yake. Bi Mbuni alikuwa na makapu mazuri kuliko wote na hakuwahi kuruka hata kimo cha kisigino. Alitangaza anataka rubani mmoja tu, wanaoitaka kazi waje keshokutwa. Na mawingu, huko mbali, yalikwisha kuanza kujikusanya kama wazee wa kikao.

Njiani Kwarara akakutana na Mwewe, aliyesoma naye. Mwewe alifungwa uzi mmoja kabla ya kupata unyoya wake. Siku ya mtihani wake alikuja kutua kwa kasi ya mwitwa karamuni, upepo ukageuka, Mwalimu akampigia kelele apae tena. Yeye akaona aibu kupaa mbele za watu walioona anatua, akashuka hivyo hivyo, akafagia genge kwa kifua. Lakini sasa Kwarara alipomtazama mguu, ulikuwa mtupu.

Mwewe akacheka. Akamwambia, "Dada Kwarara, unahangaika bure. Nenda kwa Fundi Kunguru. Anakata mara moja, huhisi kitu."

Kwarara alikwenda. Msimlaumu, hata nyinyi mngekwenda. Fundi Kunguru alimkalisha kwenye kigogo, akaunyoosha mguu, akaunoa mdomo jiweni.

"Tuanze na upi, binti?"

Kwarara akautazama uzi wa kwanza. "Fundi, ukiukata huu, nani atanikumbusha upepo?"

"Si utakumbushwa na kichwa chako."

"Hicho ndicho kilichosahau," akasema Kwarara, na akaukunja mguu wake.

Kunguru alimwita mjinga mara moja, mara mbili, mara tatu. Ya tatu ilimkuta Kwarara ameshaondoka.

Keshokutwa ikafika. Gengeni walijaa viumbe kama siku ya mnada. Bi Mbuni alisimama katikati, macho makubwa kama visahani, akauliza swali moja tu: umeanguka mara ngapi?

Mwewe akatangulia, kifua mbele. "Sijawahi, Bi Mkubwa." Akanyoosha mguu, utazamwe na wote.

Bi Mbuni akainamisha shingo yake yote mpaka chini. Akautazama mguu ule kitambo kirefu. Akanyanyuka, akamgeukia Kwarara.

"Na wewe?"

"Tatu, Bi Mkubwa," akasema Kwarara. Kicheko kikaanza nyuma kule kwa akina Bata. Yeye akaendelea, akausimulia kila uzi: huu ni wa upepo, nilinasa kwenye miiba, huu ni wa miguu, nilitua kwa mdomo, huu ni wa abiria, nilimwacha.

"Ni mimi huyo aliyeachwa," akadakia Chura, aliyekuwa mstari wa mbele na mkoba wake uleule. "Nilikaa gengeni mpaka shangazi akanipikia chakula cha mchana."

Watu wakaangua kicheko. Bi Mbuni hakucheka. Aliagiza kila mmoja aende ng'ambo na kurudi na kapu lenye mzigo. Ndani ya kapu la Mwewe akatia maboga matatu. Ndani ya kapu la Kwarara akamtia Chura.

Mwewe alitabasamu. Aliona amepewa mzigo mzito kwa kuwa ameaminiwa. Akapaa kama mshale, tena bila kelele, na watu wakasema rubani ndiye yule, siyo yule mpayukaji. Akafika ng'ambo kwa kasi ileile ya mtihani. Upepo ukageuka. Kwarara, aliyekuwa akitazama, alijikuta anasema kimoyomoyo: paa tena, paa tena, paa tena. Lakini ng'ambo kule kulikuwa na watu wanatazama, na Mwewe hakupaa tena. Puu! Maboga matatu yakapasuka, mbegu zikamwagika mpaka chini ya bonde. Mwewe mwenyewe aliokotwa mzima, amevaa ganda la boga kichwani.

Ikawa zamu ya Kwarara. Na mawingu yalikuwa yameshafika. Harufu ya mvua ilijaa puani, na unyoya wake shingoni ulikuwa hauna fundo.

"Binti," akasema Chura kutoka kapuni, "safari hii nimo. Naomba ujue nimo."

Kwarara akapaa akipayuka. Alipoikaribia ng'ambo akalia, "Upepo!" Akautazama ukisukuma majani ubavuni. Haufai. Akainua mabawa, akapaa tena, akazunguka. Watu wakacheka. Chura akamkumbusha kwamba mvua yaja. Akaja mara ya pili. "Upepo!" Sawa. "Miguu!" Ipo chini. Alikuwa karibu kugusa jiwe, kucha zimebaki na upana wa jani, upepo ukakohoa. Hapo, ndugu zangu, Kwarara alijua hesabu yake. Akizunguka tena, huenda mvua ikamkuta angani na unyoya ukafa. Akilazimisha, huenda akatua, huenda akamtawanya Chura kama yale maboga.

"Tua tu, mama, tumefika," Chura akasema. "Nguo zangu nimezianika nje, zitalowa."

"Nguo zitakauka," akasema Kwarara. "Wewe ukipasuka, hushoneki."

Akapaa tena. Waliokuwa wakicheka walichoka kucheka. Akaja mara ya tatu. "Upepo!" Umetulia. "Miguu!" Iko chini. "Abiria!"

"Yumo," akajibu Chura, "ila ametapika."

Akatua, jiwe halikujua kama limeguswa. Hakupumzika. Akageuza, akapaa, akalivuka bonde mvua ikimfuata kwa nyuma, unaiona inakuja kama pazia linalovutwa. Akatua genge la soko, upepo, miguu, abiria, na mawingu yakiwa yameinama juu ya shingo yake kabisa. Tone la kwanza lilidondoka. Lilikuwa tone nene, la makusudi, linakuja moja kwa moja kwenye unyoya.

Bi Mbuni akanyoosha bawa lake. Bawa lile kubwa lisilowahi kuruka, ambalo watu walikuwa wakiuliza kila siku ni la kazi gani. Tone likaangukia juu yake, taap. Matone mengine yakafuata, yote yakaishia kwenye bawa. Na chini yake, pakavu kabisa, Bi Mbuni akachukua ukindu kwa mdomo, akaufunga unyoya wa Kwarara fundo la kwanza, fundo la pili, fundo la tatu.

Bwana Kozi hakuvumilia. Akauliza imekuwaje Mwewe mwenye mguu safi apewe maboga, na mwenye nyuzi tatu apewe kiumbe hai.

Bi Mbuni akamwita Mwewe, akamshika mguu na kuuinua mbele ya wote. Mguu mzima ulikuwa umeungua kwa jua, rangi ya kahawia. Lakini juu kidogo ya kucha palikuwa na duara jembamba, jeupe kama kucha ya mtoto mchanga. Ngozi iliyokaa chini ya uzi haikuwahi kuliona jua, na Fundi Kunguru anaweza kukata uzi, hawezi kukata kivuli chake.

"Mimi sijaruka maisha yangu yote," akasema Bi Mbuni, "kwa hiyo mtu kuanguka hakunishangazi. Kwarara ameniambia mahali pote anapoanguka, nami najua nimwangalie wapi. Huyu amenificha anguko moja. Sijui mengine yako wapi. Asiyejulikana ataangukia wapi, mimi nampa maboga."

Basi Kwarara akawa rubani. Alivusha vyura na bibi za vyura, wala hakumwacha tena mtu gengeni. Mwaka uliofuata Bwana Kozi mwenyewe alikuja kumbembeleza. Kwarara akamuulizia mama, akamuulizia watoto wa dada, akamwambia nafasi zimejaa tangu juzi. Mwewe naye hakupotea. Alirudi kwa Mwalimu Heroe, akafungwa uzi juu ya duara lake jeupe, akaambiwa ajifunze kuzunguka. Na nyinyi mtazameni kesho mchana: bado anazunguka, anazunguka, anazunguka.

Na Kwarara? Asubuhi kabla jua halijatoka mnamsikia anapita juu ya paa lenu akipayuka, na mnavuta shuka mkisema ndege gani huyu mwenye wazimu. Hana wazimu. Sikilizeni vizuri, hulia mara tatu. Ya kwanza ni upepo. Ya pili ni miguu. Ya tatu anageuza shingo, anatazama nyuma, kama mpo.

Hadithi yangu imetua hapo: upepo umetulia, miguu iko chini, na abiria wangu wote nawaona, isipokuwa huyo wa pembeni aliyesinzia.