Utani Ulioanza Asubuhi

Hapo zamani za kale, wanangu, Kobe alipokuwa bado anakimbia, palikuwa na kijiji chenye kisima kimoja na ugomvi mmoja. Mashariki walikaa akina Nyati, weusi tii. Magharibi walikaa akina Pundamilia, wenye mistari. Hawakusalimiana. Hawakuazimana hata chumvi.

Mjumbe wao wa nyumba kumi alikuwa Bi Pimbi. Mdogo! Mpaka apande juu ya kinu ndipo aonekane. Lakini ulimi wake ulikuwa na mbio kuliko miguu ya swala.

Siku moja, porooo! Kingo za kisima zikaporomoka. Mawe juu, maji chini. Siku ya kwanza watoto walilia kwa kiu. Siku ya pili hawakuwa na nguvu za kulia, na hapo Bi Pimbi akaogopa kwelikweli. Akapiga mbiu: wote kisimani!

Wakaja, kila kundi upande wake.

"Mzee Nyati, pembe zako zitavunja mawe," alisema Bi Pimbi, akiwa juu ya kinu chake. "Bwana Pundamilia, kwato zako zitafukua udongo. Anzeni, baba zangu."

"Nichimbe na huyu?" Mzee Nyati akakoroma. "Huyu aliyelala juu ya wavu wa kuchomea samaki, akaamka na alama?"

"Ala!" Bwana Pundamilia akaruka. "Wewe je, uliyesahauliwa jikoni ukaungua mpaka pembe zikajikunja?"

Mzee Nyati akainamisha pembe. Bwana Pundamilia akageuka, mguu tayari kwa teke. Vumbi tifu! Bi Pimbi akawatazama wagomvi, akawatazama watoto. Wakipigana leo, watoto hawaioni kesho.

Mara akaangua kicheko. "Kwa-kwa-kwa! Jamani, mbavu zangu! Kumbe bado mnautunza!"

"Tunatunza nini?" wakauliza wote wawili.

"Utani! Babu zenu walikuwa watani, hamjui? Mtani akikutukana, unamcheka na kumrudishia. Atakayekasirika kwanza ameshindwa!"

Pembe za Mzee Nyati zikabaki hewani. "Kwani nani kakasirika? Nilikuwa nanusa nyasi."

"Na mimi nilikuwa nanyoosha mguu tu," akasema Bwana Pundamilia.

"Vizuri. Na mtani akipata shida, mtani mwenzake ndiye wa kwanza kushika kazi. Wa pili anachekwa mwaka mzima."

"Mimi wa kwanza!"

"Wapi! Mimi!"

Kong! Kong! Pembe zikavunja mawe. Fuku-fuku-fuku! Kwato zikafukua udongo.

"Fukua, wewe mkeka uliosukwa na mlevi!"

"Vunja, wewe chungu cha masizi!"

Mzee Nyati alicheka hadi akakaa kitako matopeni. Bwana Pundamilia akamvuta mkia kumwinua, wakaanguka wote, chubwi! Kabla ya jua kuzama maji yakabubujika, na watoto weusi na wa mistari wakatumbukiza midomo kwenye hori moja.

Ndipo Bibi Nyati, mkongwe kuliko wote, akakohoa.

"Koh! Mimi ndiye mke wa huyo babu mnayemtaja. Miaka yote ile sikumsikia akitaja utani. Alikuwa akiwatemea mate tu hao akina Pundamilia."

Macho yote yakamgeukia Bi Pimbi, ambaye tayari alikuwa nyuma ya kinu.

"Mjumbe," Mzee Nyati akanguruma, "utani huu ulianza lini hasa?"

Masikio mawili madogo yakachomoza. "Leo asubuhi, baba."

Mzee Nyati akavimba. Pua zikafuka. Pembe zikashuka taratibu, na Bi Pimbi akafumba macho.

"Mtani," Bwana Pundamilia akamnong'oneza Mzee Nyati, "ukikasirika, umeshindwa."

Mzee Nyati akakodoa macho. Shavu likatetemeka. Kisha, bwahahaha! Akacheka mpaka ndege wakaruka mitini, na kijiji kizima kikacheka naye.

Basi, wanangu, rangi ni ya ngozi tu. Undugu ni wa kazi na kicheko.