Nani Aukunje Mkeka wa Bi Nkwimba

Sogeeni karibu, na mwenye cha kutafuna amalize kabisa, maana nikifika mwisho nitawauliza swali na sitaki mnijibu mdomo umejaa. Hadithi hii nimeisimulia mahali pengi, na kila mahali watu wameondoka wamenuniana. Nanyi mtanuniana, lakini haya, tuanze.

Palikuwa na watu watatu katika mji wa pamba uitwao Nyalwanga, na kila mmoja alikuwa na chake.

Wa kwanza ni Minza, mwigizaji. Kipawa chake kilikuwa masikio. Angekaa na mtu jikoni kwake au barazani, akamrekodi kwa simu, kisha akaenda kuyasikiliza maneno yale mpaka yakamwingia mwilini. Halafu alisimama mbele ya watu peke yake, na kiti kimoja, akayarudisha kama yalivyotoka, kigugumizi kwa kigugumizi, na pale mwenyewe aliponyamaza naye alinyamaza. Haongezi wala hapunguzi. Alikuwa kama mtu aliyeazima sufuria ya jirani akairudisha na masizi yake yaleyale.

Wa pili ni Hansa, binti wa marehemu mzee Jayanti, mwenye ghala la pamba. Kipawa chake kilikuwa kubaki. Ndugu zake wote walihama baada ya ghasia nitakazowaeleza, wengine mji wa mbali, wengine ng'ambo. Yeye alibaki peke yake mtaa wa Wahindi, akauza nyuzi na vifungo kwenye kidirisha cha duka lililoungua nusu.

Wa tatu ni Mzee Maganga, aliyekuwa mlinzi wa ghala hilohilo. Kipawa chake sijui nikiite kipawa. Alikuwa anajua. Katika mji mzima ni yeye tu aliyejua nani alifunga komeo.

Komeo gani? Tulieni niwaeleze. Siku moja ya gulio kijana wa Kihindi alimzaba kofi mchukuzi wa Kiafrika mbele ya umati. Kofi moja tu, lakini mji ule ulikuwa umeweka makofi ya miaka mingi moyoni, na kabla jua halijafika utosini mawe yalikuwa yanaruka. Askari walikuja na virungu na mabomu ya moshi. Vijana waliokimbia waliingia ghalani kwa mzee Jayanti, na mlango wa chuma ukafungwa komeo kwa nje. Bomu la moshi likapita dirishani, pamba ikashika moto. Wengine walitoboa ukuta wa nyuma wakatoka. Seni, mtoto wa pekee wa Bi Nkwimba, hakutoka.

Jioni hiyo mji mzima ulikuwa na sentensi moja mdomoni: Mhindi amewafungia watu weusi waungue. Hakuna aliyeuliza nani aliona. Mtaa wa Wahindi ulichomwa, na mzee Jayanti alitolewa nyumbani kwake akapigwa, hata akafa kwa kipigo hicho. Kisha watu wakaenda kulala. Kesho yake walisalimiana kama kawaida, na hakuna aliyelizungumza tena.

Ila Bi Nkwimba, ambaye sentensi ile haikumtosha. Nyalwanga wana desturi yao, na ni hii: mtu akifa na haijulikani kwa mkono wa nani, mkeka wa msiba haukunjwi. Mfiwa hukaa hapohapo chini, halali kitandani, hasuki nywele, hapiki kwenye jiko lake mwenyewe, mpaka aje mtu aliyeleta ukweli aukunje ule mkeka. Hukunjwa na mtu mmoja, kwa mikono yake miwili, tena mara moja tu. Na aliyeukunja huketi mahali pa marehemu: huitwa kwa jina lake, huwa mtoto wa nyumba ile, na siku ya mama ikifika ndiye atakayemzika. Bi Nkwimba alikuwa amekaa chini miaka, mgongo umepinda, akila chakula cha majirani waliokuwa wameanza kuchoka.

Minza alikuwa amesoma darasa moja na Seni. Alirudi Nyalwanga na simu yake na nia ya kutengeneza mchezo wa mtu mmoja, utakaosema maneno ya pande zote mbili chini ya paa moja, ili mama yule asimame. Hicho ndicho alichokitaka. Mengine yote yalikuja baadaye.

Sasa sikilizeni kila mmoja alitoa nini.

Mzee Maganga alitoa neno. Minza alimkuta barazani kwake, akakaa naye asubuhi nzima wakizungumzia mvua na bei ya pamba. Mzee alikuwa na tabia moja: kila alipofika kwenye jambo zito, alivuta pumzi kwa meno na kupapasa goti lake kwa kiganja, kama anayenyoosha nguo iliyokunjamana.

"Ni mimi niliyefunga," alisema, na mkono uko gotini. "Nilisema moyoni, askari wakikuta komeo limefungwa kwa nje watajua humu hamna mtu, watapita. Niliwafungia wapone, mwanangu. Nikatia kufuli. Moshi ulipoanza nikakimbia na ufunguo mfukoni."

"Na walipokuwa wanampiga mzee Jayanti, baba, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo." Alipapasa goti kwa muda mrefu. "Walikuwa wengi. Na mimi ni mweusi mwenzao, nilitaka kubaki mweusi mwenzao siku ile. Haya, umeyapata. Yaseme, lakini usinitaje."

"Sitakutaja, baba."

Hansa alitoa nyumba. Wakubwa wa mji walimnyima Minza ukumbi, wakasema anachokonoa kidonda. Shule ilikataa, kanisa lilikataa, na msikitini walikataa kwa upole mwingi na chai. Alipokuwa amekwisha kata tamaa, Hansa alimwita kidirishani.

"Fanyia ghalani kwetu."

"Dada Hansa, lakini si ndimo..."

"Ndimo. Mimi ndiye ninayefagia majivu yake, unafikiri nimesahau?"

Alilifagia tena, akapanga mabenchi, kisha akaleta kiti cha mbao chenye mgongo mrefu. "Cha baba hiki. Siku ile kilikuwa kwa fundi, kinatiwa mguu. Ndiyo maana kipo." Aliwafungulia mlango ule wa chuma watu walewale waliomtoa baba yake nyumbani, akawakaribisha mmoja mmoja kwa mikono miwili, na wao hawakumtazama usoni.

Minza alitoa mwili. Maneno hayatembei yenyewe, na nyumba haisemi. Alijifungia na sauti zile mpaka akakonda. Kwa Mzee Maganga alifuta jina, akafuta kazi yake, akafuta hata lafudhi yake ya Kinyamwezi. Likabaki goti. Alijaribu kulifuta na goti, na kila alipolifuta maneno yalilala chini yamekufa, yakawa kama tangazo la redioni. Akilirudisha, mtu anapumua tena. Mwisho alijiambia kwamba hakuna anayetazama magoti ya mwenzake. Hapo ndipo mimi humkasirikia Minza, kisha hasira hunitoka, maana bila lile goti nani angeamini?

Basi alasiri ya siku ya mchezo ghala lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Wahindi walikuwa Hansa na wazee wawili waliosafiri kutoka mji wa mbali, wamekaa benchi la mwisho. Bi Nkwimba alibebwa pamoja na mkeka wake. Minza alijitwika ngata ya mchukuzi akawa mchukuzi aliyezabwa kofi. Alijitanda mtandio wa shangazi wa Hansa akawa mama anayehesabu watoto wake ndani ya lori la kuhama. Watu walicheka mahali pa kucheka, na walipojisikia wenyewe wakisema yale waliyoyasema jioni ile, waliinamisha vichwa.

Mwisho aliketi kwenye kiti cha mzee Jayanti, hana vazi la mtu yeyote. Akavuta pumzi kwa meno, akapapasa goti. "Ni mimi niliyefunga," akasema.

Ndipo mwanamke mmoja benchi la mbele akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo si Maganga?"

Vichwa vikageuka. Mzee Maganga alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango, pale alipokuwa akilinda miaka yote, na mkono wake ulikuwa gotini, unapapasa.

Mnataka kusikia kwamba mji ulilia na kukumbatiana. Nami ningetaka kuwaambia hivyo. Nyumba ya Mzee Maganga ilibomolewa kabla ya giza, na wanawe walisema hawamjui. Sasa analala kwenye veranda ya stendi, na wapiga debe humwita Komeo.

Kwa Hansa hakuna aliyekwenda kusema samahani. Waliokuwa wakinunua nyuzi kwake walianza kuvuka barabara wakimwona, kwa aibu. Mwenye chuki alikuwa anakuja angalau kubisha bei, lakini mwenye aibu haji kabisa. Duka lilikufa ndani ya mwezi. Amefunga mizigo, na lori limekwisha agizwa.

Na Minza, hapana mtu Nyalwanga atakayemfungulia tena mdomo. Akibisha hodi, mazungumzo hukatika. Habari ilimtangulia hata miji mingine: ukimpa huyo maneno yako, atakuuza kwa goti. Simu yake ni tupu, na masikio yale hayana kazi.

Kisha mji ukaanza kuukunja ukweli wenyewe. Ilisemwa kwanza chini chini, halafu wazi sokoni: Maganga alihongwa na Wahindi aseme vile. Siku hizi wengi wameshikilia hivyo. Juzi, kwenye gulio, kijana mwingine amemsukuma mchukuzi mwingine, na watu wameanza kutazama mawe yalipo.

Ni mtu mmoja tu aliyeamini moja kwa moja, naye ni Bi Nkwimba. Aliwaita wote watatu asubuhi moja. Walimkuta chini, kwenye mkeka uliochakaa mpaka sakafu inaonekana.

"Shikamoo, mama," akasema Minza.

"Marahaba. Karibuni, na msinipe pole, nimezipata nyingi. Nimesikia nilichotaka kusikia na mgongo wangu umechoka. Mmoja wenu akunje."

Mzee Maganga alibaki mlangoni. "Mama Seni, mimi ndiye niliyemfungia mtoto wako. Sina uso wa kugusa mkeka huu. Lakini kama nisingesema, ungekufa hapo chini, na kusema kumenimaliza. Sina mtoto sasa wala nyumba. Ukiniita nitakuja, na usiponiita sitakulaumu."

Hansa alisema, "Mama, baba yangu aliuawa kwa ajili ya jina la Seni. Sijui kama naweza kuitwa jina hilo. Ila baba amezikwa hapa na hapa ndipo nilipozaliwa, na katika mji huu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia karibu. Ukiniita, lori litarudi tupu."

Minza alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyeanza yote, kwamba bila yeye neno lingeoza kwa mzee na nyumba ingeoza kwa Hansa. Alitaka mkeka ule kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, ili mtu mmoja duniani amwambie kwamba hakufanya ubaya. Akaona aibu.

Bi Nkwimba akamgeukia yeye. "Wewe una sauti zetu zote. Sema basi, nani?"

Minza akafungua mdomo. Akamtafuta Maganga ndani yake, akampata. Akamtafuta Hansa, akampata, hata Bi Nkwimba mwenyewe alimpata, na pumzi yake fupi. Alipojitafuta yeye hakuna neno lililokuja. Akavuta pumzi kwa meno, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukashuka gotini.

Wapo hapo mpaka sasa ninapowasimulia. Namwona mjanja pale nyuma anataka kusema wote watatu. Nimekwisha kuambia kwamba mkeka hukunjwa na mtu mmoja, na ukikosewa haukunjwi tena. Wala usiniambie kwamba hakuna anayestahili, maana hilo nalo ni jibu, na maana yake ni kwamba mama huyu afie sakafuni.

Lori la Hansa linanguruma nje. Sokoni watu wamekwisha anza kuokota mawe. Bi Nkwimba amenyoosha mkono, na hautakaa juu muda mrefu.

Aliyesema akiwa ndiye aliyefunga, aliyewafungulia mlango waliomfanya yatima, au aliyeufikisha ukweli kwa kuivunja ahadi yake? Je, wewe uliyekaa hapo ungekuwa Bi Nkwimba, ungeushika mkono wa nani?