Korongo Wawili na Mila Iliyolia Kwaa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmefiwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Pakawa na wanyama wenye midomo mipana na roho nyembamba. Watoto, msisinzie. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmepita tu, kaeni. Leo nawasema nyinyi.

Hapo zamani za kale palikuwa na bwawa. Bwawa liliitwa Mbwegani. Katikati ya bwawa palikuwa na kisiwa kidogo. Kisiwani palikuwa na mgunga. Juu ya mgunga palikuwa na kiota. Ndani ya kiota waliishi korongo wawili. Mmoja Chande, wa pili Mvua. Chande dume. Na Mvua dume.

Mnaguna nini? Ngojeni kwanza.

Walipendana. Nasema walipendana, sikusema walikuwa majirani wa kuazimana chumvi. Kila asubuhi waligonganisha midomo, ka-ka-ka-ka, kama wanavyosalimiana korongo wote wenye mapenzi. Misimu sita wakaishi hivyo, na hakuna aliyelalamika. Dada Kanga akitaka kwenda kuchakura mbali, aliwaachia wao vifaranga wake sita. Akirudi anawakuta wameshiba, wamelala.

"Ahsanteni kaka zangu," anasema. "Mungu awazidishie."

Mwaka huo Mvua akavunjika bawa. Tawi kavu lilikatika, kwaa-pu! likamwangukia begani. Bawa halikuunga vizuri. Akawa haruki tena, anapanda kiotani kwa kudandia tawi baada ya tawi. Na korongo asiyeruka, mbweha humwita kitoweo. Lakini pale kisiwani mbweha hawakufika. Chande alivua kwa ajili ya wawili, wakala wawili. Aliogopa kitu kimoja tu duniani: kuondoshwa pale.

Basi maji yakaanza kupungua. Leo yamerudi hatua moja, kesho mbili. Sababu ilijulikana. Mwenyekiti wa bwawa alikuwa Kiboko, na Mheshimiwa Kiboko alikuwa amejilaza pale kijito kinapoingilia. Amelala fofofo, tumbo limeziba njia ya maji. Kila mmoja aliona. Nani aseme? Mheshimiwa ana meno.

Kiboko akasikia minong'ono. Akamwita msemaji wake, Ngiri.

"Ngiri, wananchi wana kiu, na wananitazama mimi. Watafutie mwingine wa kumtazama."

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

Ngiri huyoo! Akapiga mbiu ya mgambo. Wanyama wakakusanyika ukingoni. Ngiri akapanda kichuguu, mkia wima.

"Ndugu wananchi! Maji yanakauka! Kwa nini?"

Chura akaanza, "Kwa sababu Mwenyekiti amela..." Akakanyagwa mguu.

"Yanakauka kwa sababu ya laana!" akasema Ngiri. "Madume wawili kiota kimoja!"

"Laana!" wakaitikia.

Wale wale waliopita ukingoni mkabala na mgunga misimu sita wakisalimia, "Habari za asubuhi, jamani?" Leo wameona laana. Macho yao yalikuwa wapi?

Popo akapiga kelele kutoka tawini, kichwa chini, miguu juu. "Ni mambo ya kigeni hayo! Wanalipwa samaki na watu wa ng'ambo!"

"Samaki wa ng'ambo?" akasema Chande. "Mimi nakula kambale wa humuhumu. Kila asubuhi mnaniona nimejaa matope mpaka magotini."

"Watoto wataiga!" akasema Ngiri.

"Vifaranga wa Dada Kanga tumewalea sisi. Yupi ameota miguu mirefu? Yupi anakula vyura? Wote kanga watupu, wana makelele kama mama yao."

Wengine wakacheka. Dada Kanga akainuka. "Mimi kwa kweli... hawa ndugu wawili... mimi naona..."

Ngiri akamgeukia polepole. "Dada Kanga, unawatetea? Kwani na wewe ukoje?"

Kanga akaketi. Akaanza kuchakura mchanga, chaku-chaku-chaku, eti amedondosha punje ya mtama. Chande akamtazama. Yeye hakuinua kichwa. Hapo Chande aliumia kuliko alivyoumizwa na maneno yote ya Ngiri, maana Ngiri hakuwahi kumwita kaka.

Kiboko akanena kutoka majini. Hakuinuka, thubutu! "Mimi si katili. Chande, wewe mvuvi hodari, tunakuhitaji. Simama mbele ya baraza, mkane huyo mwenzako, useme humjui. Utabaki. Yeye aende zake."

Mvua akasema, "Kubali, Chande. Mimi nimeshavunjika."

"Nyamaza wewe," akasema Chande. Akamgeukia Kiboko. "Mwenyekiti, kosa letu ni lipi? Tumemwibia nani? Tumempiga nani?"

"Mnaishi kinyume cha maumbile!" akadakia Ngiri. "Ni mila yetu hiyo! Tumeachiwa na mababu!"

"Babu yupi?"

"Wote!"

"Basi tuisikie mila yenyewe. Aitwe Kasuku."

Kasuku ndiye aliyekuwa mtunza mila. Lolote lililopata kuamuliwa Mbwegani, yeye alikuwa nalo kifuani. Ngiri akafurahi, akarukaruka juu ya kichuguu. "Aitwe! Aitwe upesi!"

Masikini Ngiri. Kuchimba mashimo alijua, hili akajichimbia mwenyewe. Maana kasuku, ndugu zangu, harudii maneno peke yake. Hurudia na sauti.

Kasuku akaja, akatua, akajikung'uta. Ngiri akamwambia, "Anza na mila ya mvua, wasikie unavyojua kazi yako."

Kasuku akafumba jicho moja. Ikamtoka sauti nzito, ya taratibu, sauti ya marehemu Bibi Tembo. "Mvua ya kwanza ikinyesha, anywe kwanza mwenye mtoto mgongoni."

"Ni yeye!" wakasema wanyama. "Jamani, ni yeye mwenyewe!" Wengine wakafuta machozi.

"Mila ya msiba!"

Ikamtoka sauti ya marehemu Babu Nyati, na kikohozi chake kilekile. "Koho! Koho! Aliyefiwa asichote maji. Achotewe."

"Ni yeye! Tena na kikohozi!"

"Sasa," akasema Ngiri, kifua mbele, "ile ya maumbile!"

Kasuku akanyoosha shingo. Akatunisha kifua. Akafungua mdomo.

"Kwaa! Kwaa! Nyinyi washensi ya matopeni, sikilisa! Mimi nasema, marufuku kuishi kinyume sha maumbile! Ni amri yangu! Kwaa!"

Baraza zima, macho kodo!

Huyo hakuwa babu. Huyo hakuwa bibi. Huyo alikuwa Bata Bukini! Aliruka kutoka ng'ambo, akatua Mbwegani bila kuitwa, akatawala misimu saba. Aliweka amri kumi. Asinywe mtu kabla yangu. Asipite mtu mbele ya kiota changu ila kwa magoti. Na upuuzi mwingine wa namna hiyo. Siku aliyoondoka wanyama walicheza ngoma siku tatu usiku na mchana. Wakazifuta amri tisa, zile zilizowabana wao. Ya kumi wakaiacha, kwa sababu haikumbana hata mmoja wa wale waliokuwa wakicheza. Wakaisahau ilikotoka. Wakaiita mila. Aliyewatukana mababu zao washenzi, wao wakamgeuza babu. Mmewahi kuona?

Chura akashindwa kujizuia. "Kumbe mababu zetu walikuwa wakilia kwaa?"

Kicheko! Kwa-kwa-kwa! Hata Kanga alicheka. Ngiri akapandwa na hasira.

"Kasuku! Irudie kwa sauti ya Bibi Tembo!"

"Siwezi," akasema Kasuku. "Bibi Tembo sikumsikia akiyasema hayo."

"Babu Nyati, basi!"

"Wala yeye."

"Jaribu!"

"Kwaa!" akasema Kasuku.

Chande akasogea katikati ya baraza. "Sasa nani ameleta mambo ya kigeni? Mimi nimeanguliwa kwenye mgunga ule, na mama yangu kabla yangu. Iliyokuja ikiruka ni hiyo sheria yenu. Mlifuta tisa. Futeni na hii. Sisi hatutaki mtusifu, hatutaki mtuchezee ngoma. Tunataka mtuache kwenye kiota chetu."

Wanyama wakatazamana. Nawaambieni kweli, kulikuwa na kitambo hapo, kidogo tu, ambapo wangeweza kutenda jambo la maana.

Kiboko akafunua kinywa. Aaaah! Meno hayooo, kila moja kama mchi.

"Hata kama ni ya Bata," akasema, "kwa kuwa tumekaa nayo, ni yetu. Anayetaka ifutwe anyanyue mguu, nimwone."

Mguu wa nani? Haukunyanyuka hata mmoja. Hata wa Chura, mcheshi wetu. Kucheka walicheka, kusimama hawakusimama. Mnaona aibu kwa niaba yao? Mimi naona. Na naona humu ndani kuna wanaotazama vidole vya miguu yao.

"Chande," akasema Kiboko, "unamkana au humkani?"

"Simkani. Ninyi ndio nawakana."

Wakaondoka. Chande alikuwa na mbawa zake mbili nzima, angeruka akafika mbali kabla jua halijawa kali. Hakuruka. Alitembea na Mvua, hatua kwa hatua, ta, ta, ta. Mbweha wakawafuata. Chande akawapiga kwa mdomo, ka! mmoja jicho, ka! mwingine pua. Siku ya kwanza hakulala. Siku ya pili hakulala. Siku ya tatu wakafika kwenye kinamasi cha mafunjo ambacho hakikuwa na mwenyekiti. Mvua alikuwa amekonda, manyoya ya mkia yamekwisha, lakini yu hai. Chande akalia. Alilia kwa furaha, akalia na kwa hasira, vyote kwa pamoja.

Hata mwezi haujaisha, wakasikia kishindo. Puku-puku-puku-puku! Nani huyo? Ngiri! Sikio limechanika, damu inamchuruzika, anahema.

"Wamenifukuza!"

"Akina nani wamekufukuza?" akauliza Chande.

"Wote! Maji hayakurudi. Wakaanza tena kumtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema laana bado imo bwawani, atafutwe mwingine anayeishi kinyume cha maumbile. Popo akanitaja mimi."

"Wewe? Umefanya nini?"

Ngiri akatazama chini. "Alisema naingia shimoni kinyumenyume."

Chande na Mvua wakatazamana.

"Ni kweli naingia hivyo!" akasema Ngiri, karibu kulia. "Makalio yanatangulia, uso unafuata. Ngiri wote tunaingia hivyo, ili adui akija tumkabili kwa pembe! Ndivyo tulivyoumbwa! Niliwaambia, jamani, haya ndiyo maumbile yangu! Wakasema kinyume ni kinyume, na kinyumenyume ni mara mbili."

"Na aliyekushtaki ni Popo?" akauliza Mvua. "Yule anayelala kichwa chini, miguu juu?"

"Huyohuyo."

Mvua alicheka mpaka bawa bovu likamuuma. Nyani haoni kundule, na Popo akilitazama lake hujidhani yuko wima.

"Nilitazama huku," akasema Ngiri, "nikatazama huku, nione wa kunitetea. Hakuna aliyefungua mdomo."

"Angefungua nani?" akasema Chande. "Mwenye kufungua mdomo ulimfukuza wewe."

Ngiri akapiga magoti. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Leo ndugu? Juzi nilikuwa laana." Chande alimtazama sikio lililochanika, akatazama bawa la Mvua, akakumbuka siku mbili za mbweha. Alimchukia. Sisemi uongo kuwapendezesha, alimchukia kabisa. "Sijakusamehe. Huenda siku moja nikakusamehe, huenda nisikusamehe. Lakini kinamasi si changu, na kiu haina mila. Kunywa."

Akampisha. Ngiri akanywa, gudu-gudu-gudu, na hakuweza kumtazama usoni.

Na kule Mbwegani? Nasikia maji yameshuka mpaka kwenye kwato, Mheshimiwa bado amelala palepale, na wananchi wamekaa baraza. Wanamjadili Popo.

Sikieni basi, wakubwa kwa wadogo. Mtu ahukumiwe kwa ubaya alioutenda, si kwa jinsi alivyoumbwa wala kwa anayempenda. Sheria ya kumwonea mmoja ni mtego uliotegwa njiani: haumuulizi mpita njia jina lake. Mkishangilia akinyolewa mwenzenu, tieni maji vichwa vyenu, kama maji bado mnayo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyejiona ndani yake asininunie mimi, akamnunie kasuku.