Shimo la Mwezini Lililotafutiwa Jina

Hapo zamani za kale, kabla mashimo ya mwezini hayajapewa majina, mwezi ulikuwa ukipita chini sana, karibu na vilele vya miti. Ndiyo, chini hivyo. Msinikatize, nikikosea mtanisahihisha nikimaliza.

Siku hizo Bi Pimbi aliishi na watoto wake wanne kwenye majabali, na chini ya majabali hayo palikuwa na chemchemi. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini udadisi wake haukuwa na kiasi. Kila asubuhi alianika mtama jamvini, kisha akakaa juu ya jiwe kuutazama mwezi kabla haujatua.

Mwaka ule mvua iligoma. Maji ya chemchemi yakabaki ya kutosha nyumba moja tu. Bwana Tembo akayataka, Bwana Kiboko naye akayataka. Walisukumana siku tatu, wakachoka, ndipo wakakubaliana hivi: kule mwezini kuna shimo kubwa lisilo na jina. Yule ambaye shimo hilo litaitwa kwa jina lake, ndiye mwenye chemchemi. Bi Pimbi hakuulizwa na mtu. Alipozisikia habari hizo aliogopa sana, maana bila maji yale watoto wake wasingemaliza wiki.

Asubuhi iliyofuata, tindi, tindi, tindi! Mtama ukarukaruka jamvini: Tembo na Kiboko hao wamefika.

"Shikamooni," akasema Bi Pimbi.

"Marahaba," akajibu Tembo. "Wewe ndiye unayeshinda ukiutazama mwezi. Tuambie lile shimo ni la nani. Mimi nasema ni alama ya wayo wangu. Tazama lilivyo duara."

"Duara ni duara kweli, lakini katikati pana kilima. Wayo wako huacha kilima katikati?"

Tembo akakanyaga penye tope, pwacha. Akainama akachungulia. Hapakuwa na kilima.

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Si nilikwambia? Lile ni domo langu nikipiga mwayo. Hicho kilima ni jino."

"Huenda," akasema Bi Pimbi. "Na ile mistari myeupe inayotoka ukingoni kwenda kila upande?"

"Ile ni... mate."

"Mate yanaruka mbali kiasi hicho?"

Kiboko akapanua domo, akatema kwa nguvu zake zote. Mate yakaishia kidevuni.

"Mimi nadhani jiwe kubwa lilianguka pale," akasema Bi Pimbi, macho yakimng'aa. "Likachimba shimo, na vumbi likatawanyika, ndiyo hiyo mistari. Kilima sijakielewa bado. Labda ardhi iliruka juu, namna maji yanavyoruka ukidondosha kokoto ndani ya sufuria."

"Hatukuja kusomeshwa," Tembo akamkatiza. "Taja jina moja sasa hivi, la sivyo tutaendelea kupigana hapa hapa, na majabali yako yatavunjika."

Bi Pimbi akakuna shavu, akafikiri.

"Basi tufuate desturi. Kwenu, Bwana Tembo, mtoto akizaliwa hupewa jina la nani?"

"La babu yake."

"Aliye hai?"

"Aliyefariki, bila shaka."

"Na shimo la mwezini ni vivyo hivyo. Hupewa jina la marehemu tu. Sasa kati yenu, nani anatangulia?"

Kiboko akajikohoza. "Mimi nina shughuli nyumbani. Tembo ni mkubwa, atangulie yeye."

Tembo hakuwa mjinga. "Liitwe jina la babu yangu. Yeye alikwisha kufa."

"Vizuri. Aliitwa nani?"

"Tembo."

"Na wewe?"

"Tembo."

"Hapo ndipo ninapopata wasiwasi," akasema Bi Pimbi taratibu. "Mauti akilisoma jina hilo huko juu, akashuka kumtafuta mwenyewe, atajuaje kama anayetakiwa ni babu au mjukuu?"

Masikio ya Tembo yakanywea. Akamgeukia Kiboko.

"Kwetu sote tunaitwa Kiboko," akanong'ona Kiboko, na tayari alikuwa anarudi nyuma.

Tembo akamkazia macho Bi Pimbi. "Na bibi yako wewe, marehemu, aliitwa nani?"

"Pimbi."

"Basi hata wewe utachukuliwa!"

"Aje tu. Nitaingia ndani ya ufa wa jiwe, nitulie mpaka achoke. Wewe, Bwana Tembo, utajificha wapi?"

Tembo akatazama kushoto, akaona nyasi fupi. Akatazama kulia, akaona kichaka kimoja cha miiba. Kisha akajitazama mwenyewe, kuanzia miguuni hadi mgongoni.

"Liite Pimbi," akasema. "Na mimi usinitaje kabisa."

Wakaondoka wote wawili, kila mmoja akihimiza mwendo, kuelekea mto wa mbali. Bi Pimbi akawaita wanawe, wakanywa maji mpaka matumbo yakajaa ndi.

Nami hadithi yangu naiacha pale pale chemchemini: ukiwa na hamu ya kutajwa jina, uliza kwanza anayelitaja ni nani.