Jina la Mdogo Wake Tumsifu

Hapo zamani, na msiniulize mwaka kwa maana nitawadanganya, palikuwa na shule juu kabisa ya milima ya Upare. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto themanini na wawili, na kati ya hao mmoja hakusema. Jina lake Tumsifu. Nyumbani alisema, tena sana. Alisema na mbuzi, alisema na bibi yake, aliimba akichambua maharage. Lakini akivuka lango la shule, kimya. Mwaka wa kwanza, kimya. Wakamkaririsha darasa. Mwaka wa pili, kimya.

Darasa hilo lilikuwa na walimu wawili. Mwenye darasa alikuwa Mwalimu Kabula, Msukuma aliyepangiwa kazi huko milimani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Msaidizi wake alikuwa Nakiete, binti wa kijiji hicho hicho, mpole, na watoto walimwita dada. Wiki ya kwanza tu wawili hao walibishana mbele ya darasa juu ya namna ya kushika penseli, watoto wakafurahi kana kwamba wameletewa ngoma. Walimu wakaona haya. Wakaenda nyuma ya tangi la maji, wakapatana: mtu asimkosoe mwenzake mbele ya watoto. Lenye ubishi lisubiri tangi. Na tangi lile, jamani, lilisikia mengi.

Nakiete alimpenda Tumsifu. Aliketi naye dawati moja, akayajua macho yake. Tumsifu akitazama mlango, Nakiete alisema, "Mwalimu, Tumsifu anaomba kwenda chooni." Tumsifu akigusa daftari, Nakiete alisema, "Mwalimu, Tumsifu amepata saba." Watoto wakaacha kumcheka. Mama Tumsifu aliposikia hayo alimpelekea Nakiete mkungu wa ndizi, akaubeba mwenyewe kichwani.

Siku moja Kabula alimwita Nakiete kwenye tangi.

"Mdogo wangu, unamsemea vizuri mno, hata hana haja ya kusema. Akikutazama, nyamaza. Hesabu hadi kumi kwanza."

"Mwalimu, mtoto anazama, nami nimwangalie tu?"

"Mwangalie, uwe karibu. Lakini apige mikono mwenyewe."

Nakiete aliumia. Alidhani mwenzake anamwonea kijicho kwa kupendwa na watoto. Hata hivyo kesho yake alifanya alivyoombwa. Tumsifu alimtazama, naye akahesabu hadi kumi. Tumsifu akainamisha macho. Kesho kutwa hivyo hivyo, na mtondo hivyo hivyo.

Basi kamati ya shule ikachoka. Ikasema: muhula ukiisha mtoto huyu hajaitikia jina lake, abaki nyumbani. Mama yake akaitwa. Alikuwa na mimba ya miezi minane, akapanda mlima polepole, akaketi kwenye benchi barazani kumngoja Mwalimu Kabula. Alijua alichoitiwa. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno ya kuwaomba, na sasa hakulikumbuka hata moja.

Yalikuwa mapumziko. Mvua ilikuwa imekatika, watoto wakatoka kucheza. Mara ikarudi kwa kishindo, wote wakakimbilia darasani, na Kabula nyuma yao. Mama Tumsifu, pale barazani, akasikia sauti ile ya kuitia ng'ombe ikipasua ukuta.

"Nakiete! Dirisha! Mara ngapi nimekwambia dirisha lifungwe watoto wakitoka?"

Chini ya dirisha, juu ya meza, zilikuwa kadi za herufi. Kabula alizichora kwa mkono wake likizo nzima, kwa maboksi ya dukani na wino wa rangi tatu. Sasa zilikuwa uji. A ilikuwa imemwagikia B, na B haikujulikana tena.

Nakiete alikuwa amelifunga dirisha. Alilifunga kwa mkono wake, akakaza na komeo. Alifungua mdomo kusema hivyo. Watoto themanini na wawili walikuwa wakimtazama. Akaufumba.

"Tutaongea nje, mwalimu," alisema taratibu, akaanza kuokota kadi.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba kutoka dawati la mbele.

"Si yeye."

Mama Tumsifu alidhani ni mtoto wa mtu mwingine.

"Si yeye, mwalimu. Ni mimi niliyefungua. Nilikuwa nawaangalia wanaoruka kamba."

Hapo mama akainuka kwenye benchi, tumbo na yote, akashika nguzo ya baraza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua yalianza saa ngapi.

Ndani, Kabula alisimama na kadi mbichi mkononi. Angeweza kusema, haya, tuendelee na somo. Angeweza kusubiri tangi. Lakini alikuwa amekosea mbele ya watoto, akaona uungwana ni kutengenezea pale pale palipoharibika.

"Watoto," alisema, "mimi nimekosa. Nimemlaumu mtu bila kuuliza. Mwalimu Nakiete, nisamehe."

Wengi wao hawakuwahi kumsikia Nakiete akiitwa mwalimu. Nakiete alijibu, "Yamekwisha, mwalimu mwenzangu," akaendelea kuokota kadi.

"Na wewe, Tumsifu, ahsante kwa kusema kweli. Nenda ukalifunge dirisha."

"Sawa, mwalimu," alisema Tumsifu.

Habari ya kamati ikaishia hapo. Mama Tumsifu akaweka mkono tumboni akala kiapo, tena kwa sauti: "Huyu akiwa wa kike, atachukua jina la aliyempa dada yake sauti."

Akawa wa kike.

Sasa kazi ikaanza. Kwa desturi ya ukoo ule, mtoto alipaswa kuitwa jina la bibi mzaa baba, Bibi Namkunda. Bibi aliposikia kiapo alisema, "Sawa, nampisha mwenye haki, ila ajulikane." Siku ya kumpa mtoto jina makande yakapikwa, chai ya tangawizi ikamiminwa, walimu wote wawili wakaalikwa. Mama Tumsifu akawashukuru huku akilia, akauliza, "Nani kati yenu alimpa mwanangu sauti?"

Nakiete akasema, "Mpe jina la Mwalimu Kabula. Mimi nilikuwa nimemziba mtoto mdomo kwa mapenzi yangu. Angeniacha niendelee, Tumsifu angezeeka mimi nikimsemea. Na siku ile aliomba radhi mbele ya watoto. Angemkaripia Tumsifu tu, sauti ile ingerudi ndani, isingetoka tena."

Kabula akatikisa kichwa. "Tangu lini mtu akapewa jina kwa sababu ya kosa? Mimi nilipiga kelele tu. Mtoto havunji kimya cha miaka miwili kwa ajili ya mtu asiyempenda. Alimsemea aliyemsemea. Na Nakiete alikuwa na haki yake mdomoni, akaimeza kwa ajili ya mapatano yetu. Angejitetea, nani angehitaji sauti ya Tumsifu? Mwite mtoto Nakiete."

Bibi Namkunda akaweka kikombe chini.

"Mnasukumiana kama watu wanaokataa mfupa. Mimi jina hilo nalitaka! Watu waliposema Tumsifu achapwe mpaka aseme, nani alimkinga? Kila jioni nani alizungumza naye jikoni, sauti isikauke? Na nani alimfundisha kwamba kosa lako halibebwi na mwingine? Dirisha ni la shule, sawa. Neno lililotoka siku ile ni la jikoni kwangu."

Mzee mmoja akasema mkono mmoja haulei mwana. Shangazi akamkata, "Mikono tumeiona, baba. Mtoto ataitwa kwa jina moja, au tumwite mkutano?"

Watu wakacheka. Mama Tumsifu hakucheka. Aliwatazama wote watatu, na moyo wake ulikuwa umejaa shukrani hata ukamwuma. Angekuwa amezaa mapacha watatu, angemaliza mambo asubuhi ile. Lakini aliapa jina la mmoja, na kiapo ni kiapo. Akamwinamia mtoto, akaweka mdomo sikioni mwake, akamnong'oneza jina.

Mimi niliketi mbali, karibu na sufuria, sikulisikia. Nyinyi mmesikia yote. Nakiete aliyempa mtoto kinywa chake kisha akakifumba kwa ajili ya mwenzake. Kabula aliyemzuia msaidizi, akakosa, akatubu mbele ya wadogo. Au Bibi Namkunda aliyelitunza neno nyumbani mpaka siku yake ikafika. Je, nani alistahili?