Safari ya Tunu Uholanzi

Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikuwa bingwa wa kuhubiri usalama wa watoto mtandaoni. Simu ya bintiye Tunu aliiwekea programu ya kumlinda, ile "mlinzi" aliyowahimiza wazazi wote waiweke kwenye simu za watoto wao, na siku hiyo ikamletea taarifa.

"Lete simu! Mlinzi anasema mchana ulikuwa Uholanzi. Hutaiona tena mpaka mitihani iishe."

"Baba, mchana si nilikuwa jikoni nakupikia maharage?"

"Ndiyo, nikayala."

"Basi mwongo nani, mimi au huyo mlinzi wako?"

Mzee akaona haya. Akamrudishia simu, akaifuta programu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akawaandikia wazazi wote kwenye kundi lao: "Ifuteni, ni takataka! Imempeleka Tunu Uholanzi!"

Majibu yakamiminika. "Wangu jana alikuwa Kanada. Nimeshaifuta, mwenyekiti."

"Wangu Norwe! Nami nimefuta."

Mwisho akaandika Mama Rukia: "Jamani, hiyo ni VPN. Inaifanya simu ionekane iko ng'ambo, mlinzi asijue mtoto anatazama nini. Rukia anasema Tunu ndiye aliyewawekea darasa zima."



"Baba," Tunu akaita kutoka jikoni, "maharage yamebaki. Nikupashie?"